Mtoto Akabidhiwe kwa Maandishi

Ndugu Wakristo, tukimkabidhi jirani ng'ombe atufugie, twaita mashahidi. Mtoto akipelekwa mjini kwa shangazi, twaridhika na neno la mdomo. Wengi huahidiwa shule, wakaishia kuwa watumishi wa nyumbani.

Kuandika si kumdharau ndugu. Ni kumlinda asiyeweza kujitetea. Hati itaje nani atagharimia shule na matibabu, nani atatunza cheti cha kuzaliwa, na lini wazazi watamtembelea. Itiwe sahihi mbele ya mashahidi.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 yawataka wazazi, wasipokuwapo kwa muda, wahakikishe kuwa mtoto analelewa na mtu anayefaa. Basi, wajibu haukomi kituo cha basi. Viongozi wa jumuiya, tuanze na familia zetu.