NYS ama JKT: Ukivua Magwanda, Job Iko?

Wasee wa Buru, ukimaliza fomu fo lazima mzazi mmoja aseme, "Si uende tu NYS." Sawa, lakini huko mbele kuna nini?

NYS ilianza 1964. Wengi hudhani ni ya KDF juu ya magwanda na gwaride, lakini iko chini ya wizara ya kiraia. Unapigwa drili Gilgil, unafanya kazi za taifa, kisha unasomea ufundi.

Majirani Bongo wana JKT, ya 1963. Hiyo ni jeshi kabisa, iko chini ya JWTZ. Kuna vijana wa kujitolea, na kuna wa kidato cha sita wanaoitwa kwa sheria. Hiyo ya sheria ilisimama 1994, ikarudi 2013.

Sasa JKT ni njia ya mkato ya kuingia jeshi? Zii. 2021, vijana 854 wa kujitolea walitimuliwa baada ya kugoma wakidai ajira jeshini.

Huku kwetu Ruto alisema anataka asilimia 80 ya makurutu wa vikosi watoke NYS. Inasound poa, lakini soma vizuri: hiyo ni asilimia 80 ya nafasi zilizoko, si ya wanaomaliza NYS. Nafasi zikiwa chache, wengi bado watarudi mtaani.

So ukienda, enda juu ya ufundi. Magwanda utarudisha, cheti utabaki nacho.