Leseni ikihama, mkusanyaji hubaki na nini? Somo la stempu za Zanzibar

Mnamo Julai 2025 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitangaza kwamba imerejeshewa haki ya kutengeneza visanamu vya Superman, Batman na mashujaa wengine wa DC, kuanzia mwaka 2026. Kwa mtoto anayetaka kitu cha kuchezea, habari hiyo ni ndogo. Kwa watu wazima waliokusanya visanamu hivyo kwa miaka mingi, ni habari nzito, kwa kuwa si mara ya kwanza leseni hiyo kuhama.

Mattel waliishika tangu 2003 hadi 2019. Mwaka 2020 ikagawanywa baina ya Spin Master ya Canada na McFarlane Toys ya Marekani. Visanamu vya Mattel vilivyowalenga wakusanyaji, ambavyo vilianza kutoka mwaka 2008, vilikuwa na kimo cha takriban sentimita 15. Vya McFarlane vikaja na sentimita 18. Tofauti hiyo ya sentimita tatu ilitosha kuvuruga kabati zima: shujaa mpya akisimama karibu na wenzake wa zamani huonekana kama mtu mzima miongoni mwa watoto.

Ndiyo maana kila leseni inapohama wakusanyaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaokimbilia dukani kuwahi toleo la mwisho ili wakamilishe safu zao, na wapo wanaokataa kuanza upya na kufunga mkoba. Malalamiko ya pande zote mbili yana chanzo kimoja. Kiwanda kilichoitengeneza sura ya shujaa hakikuwa mwenye shujaa, bali mpangaji tu. Mwenye nyumba ni Warner Bros., na mkataba ukimalizika mpangaji hufungasha virago. Mkusanyaji naye hubaki na kitu mkononi, lakini hana sauti juu ya kitakachofuata.

Katika Mji Mkongwe wa Unguja hakuna soko kubwa la visanamu vya aina hiyo. Hata hivyo, jambo lenyewe si geni hapa. Jina la Zanzibar limewahi kupita njia hiyo hiyo, na waliolifuatilia kwa karibu walikuwa wakusanyaji wa stempu.

Stempu za kwanza za Zanzibar, za mwaka 1895, zilikuwa stempu za India ya Kiingereza zilizopigwa chapa ya jina la visiwa hivi. Kazi ilifanywa kwa haraka, na baadhi zikatoka na neno «Zanzidar». Kosa hilo ndilo linalozifanya zitafutwe hadi leo. Mwaka 1896 zikafuata stempu zenye picha ya Sultan Hamad bin Thuwaini, zilizochapishwa na De La Rue wa London.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu zilizokuwamo ghalani bado zilikuwa na sura ya Sultan. Zikagongwa kwa mkono muhuri wa «Jamhuri 1964», mingine ikaangukia juu chini. Mwaka huo huo kazi ya kuchapisha stempu mpya ilipelekwa Leipzig, Ujerumani Mashariki, nchi iliyokuwa rafiki wa karibu wa serikali mpya. Mchapishaji akabadilika, na sura ikabadilika: wafalme wakatoka, wananchi na alama za Mapinduzi zikaingia.

Mlango ukafungwa Januari 1, 1968, stempu za Zanzibar zilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na zile za Tanzania. Posta ilikuwa miongoni mwa mambo ya Muungano tangu 1964, hivyo hatua hiyo haikuwa ya ajabu. Kwa mkusanyaji, kufungwa huko kulimaanisha kwamba safu imekamilika na haitaongezwa tena. Leo stempu hizo huuzwa katika minada ya Ulaya na Marekani, na faida humwendea anayeuza. Zanzibar, ambayo jina lake ndilo linaloipa thamani karatasi hiyo ndogo, haipati hata senti.

Hapo ndipo habari ya visanamu vya Marekani inapogusa maslahi ya Unguja. Haki ya stempu iliingia katika Muungano, lakini haki za alama za biashara na ubunifu hazikuingia. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, Namba 4 ya mwaka 2008, na daftari lake, tofauti na lile la BRELA la Tanzania Bara. Alama iliyosajiliwa upande mmoja hailindwi upande wa pili kwa usajili huo peke yake. Sheria hiyo inagusa pia majina ya asili ya bidhaa, yaani yale yanayotambulisha mahali kitu kinapotoka.

Wakati huo huo, kanga nyingi zinazouzwa Darajani na katika maduka ya Mji Mkongwe huchapwa India. Mgeni huondoka akiamini amebeba Zanzibar, ilhali sehemu kubwa ya malipo ya kazi ilikwisha kubaki nje. Si dhambi kuchapisha nje. DC nao hawana kiwanda chao cha visanamu. Tofauti ni kwamba DC wana karatasi ya umiliki, na kila kiwanda kinachotaka sura ya Superman lazima kibishe hodi kwao na kulipa.

Mafundi wa milango na makasha ya Unguja, wachoraji na wabunifu wa kanga hawataweza kuzuia viwanda visihame. Wanachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba vinapohama, haki haihami navyo, na hilo huanza kwa usajili. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari huisha bila habari.