Muungano wa Kura na Mzigo wa Askari

Kila uchaguzi unapokaribia, vyama vya siasa hutafutana, hupeana mikono na kutangaza muungano. Hiyo ni haki yao kisheria, wala si kazi yetu kuwachagulia marafiki. Hata hivyo, yatupasa sisi tuvaao sare, hasa tunaolinda Kasese na Bwera, kujiuliza swali moja: muungano ukivunjika, ni nani hubeba mzigo wake? Historia ya Uganda imekwisha kulijibu.

Katika uchaguzi wa Aprili 1962, chama cha UPC kilichoongozwa na Milton Obote kilipata viti 37, na DP cha Benedicto Kiwanuka viti 24. Viti 21 vya Buganda vilijazwa na Lukiiko, navyo vikaenda kwa Kabaka Yekka. UPC na Kabaka Yekka wakaungana, wakaunda serikali, na tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ya uhuru ikapandishwa. Mwaka mmoja baadaye, Kabaka Mutesa II akawa Rais wa nchi.

Ni dhahiri kwamba washirika hao hawakuwa na nia moja. UPC ilitaka serikali ya taifa yenye nguvu juu ya makabila yote. Kabaka Yekka ilitaka kiti cha Kabaka kisiguswe na mtu. Kilichowaleta pamoja ni hesabu ya kura na haja ya kuiondoa DP madarakani. Swali zito kuliko yote, yaani hatima ya wilaya za Bunyoro zilizokuwa chini ya Buganda, liliahirishwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Agosti 1964 muungano ulivunjika. Novemba mwaka huohuo, wakazi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya kurudi Bunyoro.

Hapa Rwenzori nako kulikuwa na swali lililoachwa bila jibu. Mwaka 1962, Isaya Mukirane na wenzake walitoka katika baraza la Toro wakidai wilaya ya Wakonzo na Waamba. Tarehe 30 Juni mwaka huo wakatangaza Rwenzururu. Serikali iliyosimama juu ya ahadi kwa falme ilikuwa na ugumu wa kuiambia Toro igawane mamlaka. Basi, badala ya makubaliano, walipelekwa polisi na wanajeshi kupanda milima. Mgogoro huo ulidumu miaka ishirini, mpaka Charles Mumbere, mwana wa Mukirane, aliposhuka mlimani mwaka 1982.

Kule Kampala mambo yaliharibika zaidi. Tarehe 24 Mei 1966, jeshi lilitumwa kushambulia kasri la Mengo, na Mutesa akakimbilia uhamishoni. Ugomvi wa mezani uligeuzwa kuwa amri ya vita, na askari wa Uganda akaelekeza bunduki kwa Mganda mwenzake. Jeshi lililofundishwa hivyo kukata mashauri ya wanasiasa halikukawia kujitwalia serikali: tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba bila muungano ule uhuru ungechelewa. Huenda ni kweli. Lakini uhuru uliopatikana kwa kuahirisha maswali ulilipwa kwa damu, na waliolipa hawakuwapo mezani: mkulima wa Bwera, mke wa konstebo, kijana aliyeandikishwa jeshini akitafuta riziki.

Ndiyo maana Ibara ya 208 ya Katiba ya 1995 inalitaka jeshi lisiwe la chama chochote, liwe la kitaifa, lenye nidhamu na lenye kutii mamlaka ya kiraia. Ibara hiyo si pambo. Inamlinda raia, na inamlinda askari pia asigeuzwe chombo cha kuvunjia mikataba ya watu wengine.

Kwa wanasiasa, neno letu ni hili: swali gumu na liandikwe kwanza, kabla ya kugawana vyeo. Kwa askari mwenzangu, wajibu ni wa kila siku. Usivae rangi ya chama, wala ya muungano wa vyama. Mwananchi wa Bwera anapokujia na lalamiko la ardhi au la utawala, msikilize, kisha ulifikishe kwa wakuu mapema likiwa bado ni neno la mdomo. Damu iliyomwagika mjini Kasese Novemba 2016, ya raia na ya polisi, ilitukumbusha kwamba maswali ya mwaka 1962 hayakuzikwa pamoja na waliyoyaahirisha.

Miungano ya vyama huja na kwenda. Sisi tutabaki hapa pamoja na wananchi, chini ya mlima uleule.