Ng'oa gugu karoti, usiparue nyasi zote

Mwezi huu mama mmoja wa hapa Arusha alimrudisha mwanawe kwangu mara ya tatu. Pumu imembana, mikono ina vipele vinavyowasha, na dawa alikuwa anatumia vizuri. Nikauliza kuhusu uwanja wao. Mama akaniambia kwa fahari kwamba wameparua nyasi zote kwa sababu ya mbu na nyoka, na sasa yameota majani tu yenye vimaua vyeupe.

Hilo ni gugu karoti. Majani yake hufanana na ya karoti, lakini asili yake ni Amerika. Huku kwetu lilitambuliwa mwaka 2010. Chavua yake huamsha mzio na kubana kifua, na kuligusa huwasha ngozi. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nalo hupenda sana ardhi iliyoachwa tupu. Mzazi mwenzangu, ukiparua kila kitu unaliandalia shamba.

Najua uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba. Nami nililelewa hivyo. Lakini mbu huzaliana kwenye maji, siyo kwenye nyasi. Kagua ndoo, matairi na mifereji. Tena mwaka 2015 watafiti wa icipe, Nairobi, walionyesha kuwa mbu wa malaria hujipatia sukari kwenye gugu hilo hilo.

Kuhusu nyoka mna haki. Karibu na nyumba, njiani na watoto wanapochezea, nyasi ziwe fupi, na rundo la kuni lisogezwe mbali, maana panya hujificha humo na nyoka huwafuata. Kule pembeni acha ukoka na nyasi za asili zifunike udongo. Chiriku watakuja kula mbegu. Kama mwanao ana mzio wa nyasi pia, zikate kabla hazijachanua.

Gugu karoti ling'oe na mizizi udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, kisha oga na ufue nguo hizo. Lililochanua lifunge kwenye mfuko, usilitupe njiani. Kazi hii asipewe mtoto wala mwenye pumu.

Na dawa ya kuvuta ya mtoto iendelee kama alivyoandikiwa, hata uwanja ukiwa safi.