Simba wa Mawe na Sanduku la Babu

Juzi nilikuwa Witeithie, kando ya njia kuu iendayo Thika, kumjulia hali mpwa wangu aliyeolewa huko. Jina hilo kwa Kikuyu lina maana ya "jisaidie", na msomaji wa pwani asicheke: makusudio ni kujitegemea. Baada ya chai binti yake akaniuliza, "Babu, watu weusi wa Marekani huadhimisha historia yao maktabani kila Februari. Sisi mwezi wetu ni upi?"

Swali hilo lilinikalia kooni. Naam, jambo hilo lilianzishwa na Carter G. Woodson mwaka 1926, likiwa juma moja tu, na tangu 1976 likawa mwezi mzima. Lakini mwaka huo huo wa 1926 palitukia jambo jingine nilionalo mimi kuwa kubwa zaidi. Maktaba ya New York, katika tawi lake la Harlem, ilipata hazina ya vitabu, barua na picha alizokusanya Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, aliyekuwa akichuma karatasi moja moja kwa miaka mingi. Wenzetu basi hawana sherehe tu. Wana na makabati yaliyojaa.

Sisi je? Kutoka Witeithie, mawingu yakiondoka, Kilimambogo huonekana. Huko amezikwa William Northrup McMillan, aliyefariki 1925, yule mwenye shamba kubwa la Juja ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909. Mjane wake, Lucie, alimjengea ukumbusho mjini Nairobi: maktaba yenye nguzo nene na simba wawili wa mawe mlangoni, iliyofunguliwa 1931. Mtu mweusi hakuruhusiwa kusoma humo mpaka 1958. Miaka ishirini na saba, bwana! Mlimani kule, jirani na hao wawili, amelala pia mtumishi wao, Louise Decker. Yeye hakujengewa maktaba.

Sisemi simba wale wavunjwe. Mwaka 1962 Baraza la Jiji liliichukua maktaba ile, na tangu 2017 kina mama wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kwa jumuiya yao ya Book Bunk, wameshughulika kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hiyo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini rangi mpya ukutani ni jambo moja, na kilichomo rafuni ni jambo jingine. Wazee wa Witeithie waliojua mashamba yale kabla hayajagawanywa, habari zao ziko rafu gani?

Wala sisi wa pwani tusijitoe lawamani. Twajigamba, na kwa haki, kwamba maktaba ya kwanza ya Kenya ni ya Mombasa, Seif bin Salim, ya mwaka 1903. Twajigamba pia kwamba babu zetu waliandika tenzi kwa khati za Kiarabu kabla mkoloni hajatia nanga. Utendi wa Tambuka ni wa 1728. Lakini miswada mingi ya kale iko London, ambako wamo ya W. E. Taylor na ya William Hichens, imewekwa vyema, imepewa nambari. Taylor mwenyewe alifundishwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Mzungu alihifadhi; sisi tulifungia vitumbua, na mengine tukawaachia mchwa.

Nilimwambia yule mtoto ukweli: mwezi hatuna, na kwanza tutafute cha kuweka mezani siku hiyo. Akasema ataanza na bibi wa jirani, ana daftari tupu.

Nami usiku huo nilimpigia simu dada yangu Mombasa. Lile sanduku la babu lililo chini ya kitanda, lenye vyuo na barua, nimemwomba asimpe mtu yeyote mpaka nifike.