Jiko jipya Dodoma: Kabla ya bei, ujue fundi atapatikana wapi mwakani

Dodoma. Makabati ya jikoni yamekuwa biashara kubwa mjini Dodoma. Picha zinazunguka WhatsApp na Instagram, bei zinashindana, na kila fundi anaahidi kumaliza ndani ya wiki mbili.

Kwa anayetengeneza jiko kwa mara ya kwanza, swali la kwanza huwa "bei gani?" Ila katika jiji hili, swali linalookoa fedha ni jingine: mlango ukilegea baada ya miezi minane, nani atarudi kuufunga?

Jiji limekua, kufahamiana bado

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179. Katikati ya sensa hizo, mwaka 2016, Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na Aprili 2018 manispaa ikawa jiji.

Nyumba zimeota Iyumbu, Nzuguni, Ilazo na kuelekea Mtumba, na wengi wanaozikalia ni wageni. Kwenye mtaa wa zamani fundi hupatikana kwa kauli ya jirani: "Huyu alinijengea, yupo pale nyuma ya soko." Mgeni hana jirani wa namna hiyo. Ana namba ya simu na picha, na picha yenyewe huenda ni ya jiko la mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Si kwamba mafundi wa Dodoma ni matapeli kuliko wa kwingine. Tatizo ni kwamba aibu ya kuharibu jina mtaani, ambayo humbana fundi kuliko sheria yoyote, haifanyi kazi pale mteja na fundi hawafahamiani.

Advansi ni mkopo

Mafundi wengi huomba nusu ya fedha au zaidi kabla ya kuanza. Sababu inaeleweka: hawana mtaji, hivyo mabodi, bawaba na reli za droo hununuliwa kwa fedha ya mteja.

Maana yake mteja anamkopesha fundi bila dhamana. Fundi mwenye madeni hutumia advansi ya leo kumalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita. Longolongo huanzia hapo: leo msiba, kesho umeme umekatika, keshokutwa simu haipatikani.

Njia inayopunguza hatari ni mteja kununua vifaa mwenyewe dukani, akapewa risiti ya EFD, kisha kumlipa fundi ufundi wake kwa hatua. Sehemu ya mwisho hubaki mpaka milango yote ifunge vizuri na sinki lisivuje. Fundi anayekataa mpango huo bila kutoa sababu ameshajieleza.

Duka kubwa la Dar es Salaam nalo lina mvuto wake, hasa tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024. Kazi inaweza kuwa safi na mkataba mzuri. Lakini hakuna anayesafiri zaidi ya kilomita 400 kuja kukaza bawaba moja, labda awe na wakala hapa hapa. Hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Ukavu na maji

Dodoma ina mambo yake pia. Mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni ukame na upepo. Mbao za paini kutoka Mafinga zikifika hazijakauka sawasawa, hukaukia ndani ya nyumba: mlango unapinda, fremu inaachia nyufa. Msambazaji anayejua kazi yake ataeleza mbao zake zimekaushwa vipi na kama zina dawa ya mchwa.

Mabodi ya MDF hayapindi kirahisi, ila ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Yakinywa maji chini ya sinki, yanavimba na hayarudi. Ndiyo maana wengine hujengea sehemu ya sinki kwa tofali na vigae, kisha makabati ya mbao au bodi yanakaa pembeni. Si ya kisasa sana kwenye picha, lakini inadumu.

Kuna na suala la moto. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Anayetengeneza jiko leo anahitaji sehemu ya mtungi wa gesi yenye hewa ya kutosha na soketi inayobeba jiko la umeme. Msambazaji asiyeuliza familia inapikia nini anauza kabati tu.

Maandishi yana nguvu

Wengi hudhani bila mkataba wa mwanasheria hawana haki. Si kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli au kwa maelezo ilingane na sampuli au maelezo hayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi.

Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp unaotaja vipimo, aina na unene wa bodi, tarehe ya kumaliza na hatua za malipo, na fundi akajibu "sawa", una uzito. Risiti ya muamala wa simu nayo itunzwe.

Hata hivyo, kesi inakula muda, na fundi aliyeingia mitini hana mali ya kukamata. Kinga nafuu ni kufika karakana yake kwa miguu, kuona kazi inayoendelea, na kuomba kupelekwa kwenye jiko alilojenga mwaka mmoja uliopita. Mwenye jiko hilo aulizwe jambo moja tu: kilipoharibika kitu, fundi alipokea simu?