TELEVISHENI YA WOTE AU YA MWENYE BANDO?

Wako wasemao kwamba siku za televisheni ya ratiba zimekwisha. Wasema mtu wa leo hangoji saa ya mtangazaji; hushika simu, akachagua sinema, akaitazama apendapo. Jambo hili si la kupuuzwa. Dereva wa lori aliyekwama Tunduma, akingoja zamu ya kuvuka kwenda Zambia, hawezi kutawaliwa na saa za studio ya Dar es Salaam. Kwake simu ni faraja kubwa, nasi hatumlaumu.

Lakini wasemao hayo wasahau hesabu. Mnara wa televisheni ukitangaza, ipokee nyumba 1 au nyumba 1,000, gharama ya mnara ni ile ile. Intaneti sivyo. Kila atazamaye hupelekewa nakala yake, naye huilipia kwa bando lake. Saa 1 ya picha ya kawaida yaweza kula hata gigabaiti 1. Picha safi zaidi, hata gigabaiti 3. Mfanyakazi mwenye watoto watano atalipa mara ngapi kwa kile ambacho luninga moja ya sebuleni iliwaonyesha wote?

Hatudanganyiki: sinema na tamthilia zitahamia simuni, na nyingi zimekwisha hama. Mpira ni jambo jingine. Nani atakaye kutazama Simba na Yanga kesho yake, matokeo akiisha kuyajua? Ndiyo maana mwaka 2021 Azam ilitia sahihi mkataba wa miaka 10 na TFF, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225.

Tunachokihofia ni habari. Milimani mawimbi ya mnara huzuiwa, na aliye bondeni hutegemea dishi. Agosti 2018 TCRA ilipoamuru visimbuzi vya DStv, Azam na Zuku visibebe chaneli za nyumbani zisizo na ada, ugomvi ulikuwa wa leseni. Aliyeachwa gizani ni mtazamaji.

Basi twataka chaneli ya taifa ifike bure katika kila kisimbuzi, cha mnara na cha dishi, hata malipo ya mwezi yakiisha. Wala taarifa ya habari ya saa 2 usiku isihamishiwe simuni kabla mkulima wa Ikinga, kule Ileje, hajaulizwa kama bando analimudu.